Barua kwa Bibi Semeni, Niliyemsingizia Uchawi

Bibi Semeni, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito,

Shikamoo. Najua hutaitikia. Hata ulipokuwa hai, kuitikiwa na wewe ilikuwa bahati, kwa hiyo sina cha kulalamika.

Mjomba amenikataza kukuandikia. Alinipigia simu juzi nikiwa jikoni kwangu hapa stendi ya Msamvu, maharage yapo motoni, wateja wananiita, akasema, "Zena, nasikia unataka kuandika habari za yule mama. Marehemu hasemwi. Mwacheni apumzike." Nikamjibu, "Mjomba, alipokuwa hai mlimsema miaka na miaka. Leo amekufa ndiyo mmejua kwamba kumsema mtu ni vibaya?" Akakata simu.

Basi naandika. Na siandiki nikaifukie kaburini kwako. Naandika isomwe na yeyote anayejua kusoma, kuanzia kwetu kule mlimani juu ya Bigwa mpaka huku stendi, kwa sababu uongo wangu nao haukusemwa chumbani. Ulisemwa uwanjani, mchana kweupe, mbele za watu.

Wewe hukuwahi kujua sisi watoto tulikuona vipi, au labda ulijua vizuri kuliko sisi wenyewe. Tuliamini ule moshi uliokuwa ukipanda nyuma ya nyumba yako ni wa kupikia watu. Rajabu, mtoto wa mama yangu mdogo, alinizidi mwaka mmoja kwa umri na miaka kumi kwa uongo. Aliapa kwa Mungu kwamba aliona kidole kinaelea kwenye chungu chako. Tuliamini ukimtazama mtu kwa yale macho yako mekundu, anakojoa kitandani siku saba. Mimi nilikojoa siku moja tu, lakini nilikuhesabia wewe. Tukitumwa dukani, njia fupi ilipita ukingoni mwa migomba yako. Tulizunguka kwenye mihogo, njia ndefu yenye siafu, na siafu tuliwaona nafuu.

Siku moja tulikurushia mawe. Hatukukulenga wewe, tulilenga nyumba, lakini jiwe langu lilianguka kwenye vyungu vibichi ulivyovianika, likapasua kimoja. Ulitoka. Tukajibanza nyuma ya jabali, tukingoja matusi, au laana, au ugeuke fisi kama tulivyoambiwa. Wewe uliokota vipande kimoja kimoja, ukavitia kwenye beseni la maji vilowe virudi kuwa udongo, ukaingia ndani. Tulitaka ukasirike. Kule kutokasirika kwako kulitutisha kuliko fisi.

Sasa nakuja kwenye ile siku.

Nilikuwa na miaka tisa. Mimi na Rajabu tulitoroka chuoni kwa maalimu wa Kurani, tukateremka mtoni kuogelea. Maji yakachukua juzuu yangu. Nilirudi nyumbani jua limeshainama, nguo mbichi, kitabu cha Mungu sina, na mama yangu amesimama mlangoni na fimbo ya mpera. "Ulikuwa wapi?" Nikafungua mdomo bila kujua nitasema nini, na lililotoka ni jina lako. Nikasema ulinishika mkono njiani, ukaniingiza kwako, ukanifungia.

Fimbo ilimwanguka mama mkononi. Akanikumbatia, akanipapasa kichwa, mikono, miguu, kama anahesabu viungo. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Nilikula wali usiku ule, na haikuwa sikukuu.

Uongo ule ungeishia hapo, Bibi, ungekuwa uongo wa mtoto. Lakini wiki ileile mtoto mchanga wa mjomba alishikwa na degedege. Alhamisi akafa. Jumamosi mjomba alikuja kwetu, macho yamevimba, akanipakata mapajani kama alivyozoea. Mjomba alinipenda. Hilo siwezi kulificha hata kwenye barua hii. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, yule mama alikuambia nini ulipokuwa mle ndani?"

Nikamtazama usoni, nikaona anachotaka kusikia. Watoto wanajua kusoma nyuso kabla ya kujua kusoma herufi. Nikasema, "Aliniuliza mtoto wako anaitwa nani."

Mengine unayajua, yalikupata wewe. Walimleta mganga wa kunyoa wachawi kutoka mbali. Walikutoa nyumbani, wakakukalisha kwenye kigoda katikati ya uwanja. Mjomba alinisogeza mbele, mkono wake begani kwangu, akaniuliza mbele ya kijiji kizima, "Ni huyu?" Nikasema, "Ndiye." Neno moja tu. Yule mtu akakumwagia maji yenye majani, akatoa wembe. Nywele zako zilikuwa nyeupe, nyingi, hakuna aliyewahi kuziona kwa sababu ulikuwa hutoki bila ushungi. Ziliangukia kwenye vumbi na watu wakarudi nyuma zisiwaguse. Damu ilikutoka nyuma ya sikio. Uliponyanyua kichwa ulinitazama, na mimi sikuangalia pembeni, nilidhani nikiangalia pembeni watajua. Rajabu alikuwa amesimama karibu yangu. Yeye alijua kila kitu, siku ile tulikuwa wote mtoni. Hakusema. Alikuwa na miaka kumi.

Baada ya hapo vyungu vyako havikununuliwa tena kijijini. Ulikuwa ukivishusha mjini mwenyewe, vitano vitano, kichwani, kabla watu hawajaamka, kwenda kuwauzia wasiokujua. Mlango wako ukawa haufunguki. Na sisi tukasema: mmeona? Asiye na hatia angejifungia?

Miaka minne nilizunguka kwenye mihogo. Nilikuwa darasa la sita siku niliyochoka. Sikuwa nimepata ujasiri wowote, naomba nisijipambe. Mvua ilikuwa imebomoa ile njia ndefu, ikabidi nipite kwako. Nikakuona kwa nyuma, umechuchumaa, umepanga vyungu juu ya kuni, unavifunika kwa magome na nyasi kavu, unawasha. Upepo ukageuka, moshi ukakupiga usoni, nawe ukauvumilia kwa sababu ukiondoka moto unaharibika. Nikakaa chini pale kwenye matope. Moshi wa vyungu. Miaka yote ile, moshi wa vyungu, na macho mekundu ya mtu anayechoma vyungu.

Nikaja mpaka kwenye uwanja wako.

"Shikamoo, Bibi."

Uliongeza nyasi kavu juu ya moto.

"Bibi, mimi ni Zena wa ng'ambo. Nilidanganya. Hukunishika siku ile. Sikuwahi kuingia humu ndani."

Ulichochea moto kwa kijiti. "Najua," ukasema. "Mimi nilikuwepo."

Nilidhani nitalia, nikaona hata kulia sina haki. "Naomba unisamehe, Bibi."

"Ulinisema kwangu?"

"Hapana. Kwa watu."

"Basi nenda kwa watu."

Nilikwenda, Bibi. Nataka ujue nilijaribu. Nilimwambia mama usiku uleule tukipepeta mchele. Hakuniuliza mara mbili. Nadhani alishajua tangu ile siku ya nguo mbichi, maana mama gani asijue harufu ya mto kwenye nywele za mwanawe? Lakini akaniziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza. Mjomba wako ndiye mkubwa wa ukoo huu. Ndiye aliyewaita watu. Unataka kumvua nguo hadharani? Nani atatusimamia?" Nikanyamaza. Nilinyamaza miaka ishirini. Nani alaumiwe? Mimi. Miaka mitatu ya mwanzo naweza kumgawia mama. Iliyobaki ni yangu.

Hata hivyo niliendelea kuja kwako kwa kificho. Hukunikaribisha, hukunifukuza. Hukuwahi kunipa hata gimbi la kuchoma. Ulinipa udongo nikande, na nilipoukanda ulisema, "Mikono mizito. Unaupiga kama umekukosea." Ulinifundisha kukwangua chungu kwa gunzi na kukisugua kwa kokoto mpaka king'ae. Sikuwahi kutengeneza hata kimoja kilichosimama sawa. Ulikuwa ukivitazama vyangu, unavirudisha kwenye beseni, na sura yako haibadiliki.

Mara moja tu uliniambia habari zako. Tulikuwa tunachota udongo kijitoni. Ukasema, ghafla, bila mimi kuuliza, kwamba mliishi na mumeo bondeni, na mkazaa watoto wawili, na wote wawili ukawazika kabla hawajaota meno yote. Mumeo naye akafa. Uliporudi mlimani kwenye shamba la mama yako, shangazi wa mumeo alikufuata mpaka huku, akasimama barabarani na kutangaza kwamba umewala. "Mtu akikuambia umemla mwanao," ukasema, "utamjibu nini? Utafungua tumbo aone? Nikafunga mlango." Kisha ukaniambia ndoo imejaa, ninyanyue, nisisimame kama mgomba.

Nikaolewa, nikashuka mjini, nikawa mama lishe. Unaujua moshi wa kuni, Bibi, sina haja ya kukueleza. Mwaka wa tatu wa kazi hiyo mwanangu Mwajuma, akiwa na miaka saba, alinishika shavu akasema, "Mama, mbona macho yako mekundu? Wenzangu wanasema unatisha." Alisema kwa huruma. Nilikwenda nyuma ya banda nikajifanya natafuta mkaa.

Mvua za masika ya mwaka jana watoto wawili walikufa kule kwetu, nyumba mbili tofauti, homa. Na nyumba ni zilezile, masikio ni yaleyale. Rajabu akanipigia. Siku hizi ana bodaboda, ana mke na watoto wanne. "Zena," akasema, "vijana wamekasirika. Wanamtaja yule bibi. Kesho kuna mkutano, na mjomba ndiye atakayesimama. Safari hii hawataki wembe. Wanazungumzia petroli."

"Kwa nini unaniambia mimi?"

"Kwa sababu mimi na wewe tulikuwa mtoni."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo tangu utoto.

Alinifuata asubuhi akanipandisha mlimani. Uwanja uleule. Watu wengi kuliko siku ile, simu juu, vijana wamesimama pembeni na midomo imekazwa. Mjomba amezeeka, anashika fimbo, lakini sauti ipo. Akaeleza. Akafika kwenye mambo ya zamani, na kama shahidi akanitaja mimi: "Hata Zena wetu alishikwa na mama huyu akiwa mtoto. Huyo hapo, mwulizeni."

Nikasimama. Nikavua viatu nishike ardhi. Nikasema, "Mjomba, shikamoo. Wazazi wangu, shikamooni. Nilisema uongo. Bibi Semeni hakunishika. Nilikuwa mtoni naogelea, nikapoteza juzuu, nikaogopa fimbo. Na lile neno la kuuliza jina la mtoto, nililitunga mimi, kwa sababu mjomba alikuwa analia na nilitaka anyamaze. Aliyenyolewa hapa hakufanya kitu. Kama mnataka kuchoma mtu, aliyetenda kosa ndiye huyu amesimama mbele yenu."

Kelele zikazuka. Kijana mmoja akapaza sauti, "Amelogwa huyo! Hamwoni macho yake?" Watu wakanitazama macho. Nikaona kabisa jinsi inavyoanza, Bibi. Nikajua ulichokiona ulipokuwa kwenye kile kigoda. Na nikaona jambo jingine: sikuogopa tena. Nikamwambia yule kijana, "Haya macho ni ya kupikia watu wa stendi. Njoo kesho uonje, useme kama ni nyama ya mtu."

Watu wachache wakacheka. Mjomba akagonga fimbo chini. "Zena, unanifanya mimi mwongo?"

Hapo mama yangu akasimama. Mama yangu, ambaye hajawahi kumpinga kaka yake hata kwenye chumvi ya mboga. Akajifunga kanga vizuri, akasema, "Kaka, mtoto anasema kweli. Nilijua siku ileile. Alirudi ananuka mto. Nilinyamaza kwa ajili yako, na kila nikimwona yule mama nilikuwa nashindwa kumeza mate. Mwanao alikufa kwa homa. Tuliambiwa hivyo hospitali, ukakataa kusikia. Mimi nimechoka."

Mjomba alikaa. Niliona mdomo wake unatafuta jina la yule mtoto mchanga, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mtu wa kumbebesha kifo chake. Nilimwonea huruma na namwonea mpaka leo, lakini huruma yangu haitanyamazisha mkono huu. Vijana wakaondoka mmojammoja. Mmoja aliacha kidumu chake chini ya ukuta wa ofisi ya kijiji, hakurudi kukichukua.

Nikavuka kijito nije nikuambie. Nilibisha sana. Ukafungua kiasi cha uso.

"Bibi, nimekwenda kwa watu."

Ukanitazama muda mrefu. "Umechelewa," ukasema, ukafunga.

Nilikuwa nimeshafika kwenye migomba uliponiita kutoka dirishani: "Kesho njoo na kuni. Kavu."

Ulitupatia mwaka mmoja baada ya hapo. Wakubwa hawakujua wakutazame vipi, wengi waliendelea kupita mbali, kwa aibu sasa badala ya hofu. Watoto hawakuwa na shida hiyo. Walianza kuja wawili, kisha sita, wanakaa juu ya lile jabali kutazama ukifinyanga. Uliwatupia mabonge ya udongo waondoke. Waliyaokota wakafinyangia ng'ombe. Mwajuma wangu alipokuja likizo alikuambia chungu chako kimepinda, nawe ukamwambia kilichopinda ni shingo yake. Alirudi mjini akiwasimulia wenzake kuhusu bibi mkali kuliko mwalimu wa hesabu. Alisema kwa fahari.

Umekufa kitandani kwako, kwenye nyumba yako, paa likiwa zima. Mama na mimi ndio tuliokuosha. Nywele zilikuwa zimerudi, nyeupe vilevile. Nyuma ya sikio kovu lipo. Rajabu alishika jeneza mbele, upande wa kulia, na hakukubali kupokewa mpaka makaburini.

Lakini hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Matangani walikaa kwenye mikeka, wanakula, wanasema, "Kumbe alikuwa mtu mwema." "Alikuwa na roho nzuri, sisi hatukumjua tu." Mjomba naye akaitikia, amina.

Nakataa. Hukuwa mwema, Bibi. Ulikuwa mkali, mkavu, hukupenda wageni, hukuwahi kuniambia umenisamehe na sidhani ulinisamehe. Wanakupamba sasa ili ionekane kosa letu lilikuwa kutokujua wema wako, kana kwamba ungekuwa mtu mbaya kweli, basi wembe ungekuwa halali. Mtu ana haki ya kufunga mlango wake. Ana haki ya kutusalimia au kutotusalimia, kutupenda au kutotupenda, na bado akazeeka salama. Hukupaswa kutuonyesha roho nzuri ndipo tukuache uishi. Nitalisema hili hata wakinitenga na ukoo, na wameshaanza.

Jana asubuhi wateja wangu wawili, kina mama wa mtaani, walikaa kwenye benchi wakiwa na chai na vitumbua. Wakaanza kuhusu mama mmoja wa nyumba ya kona: hasalimii, haendi misibani, anakaa peke yake, na tena mmeona macho yake? Mwajuma alikuwa anaosha vikombe, akaacha kuosha, ananitazama nitafanya nini.

Nikaweka mwiko chini. "Dada zangu," nikasema, "chai yenu mtaimalizia nje."

"Zena! Unatufukuza kwa ajili ya maneno?"

"Ndiyo," nikasema. "Kwa ajili ya maneno."

Walitoka na vikombe vyangu. Mwajuma akawafuata kwenda kuvidai.

Lala, Bibi. Hakuna atakayekugongea.

Mimi mtoto wa jirani, niliyekusingizia,
Zena